Mpira Mmoja kwa Kila Mchezaji

Nimestaafu mwezi uliopita. Kabla sijakabidhi funguo, walimu vijana wa idara ya michezo waliniomba niwaandikie jinsi timu ya gofu ya chuo chetu ilivyojengwa, kwa sababu kikombe kipo kabatini ofisini kwa mkuu na hakuna anayejua kilifikaje pale. Wanafunzi wa sasa wanadhani ni cha mpira wa miguu. Nimekubali, ila nawatahadharisha mapema kwamba humu hamna habari za vyeo wala mishahara, wala hamna siri ya ushindi ya kubandika ukutani. Kuna habari za woga. Mimi ni mwoga tangu utotoni, nasema bila kuona haya, na katika ukocha woga wangu ulinisaidia kuliko cheti changu. Ulisaidia mno, na siku moja ulimweka kijana wa watu mahali ambapo hatua moja tu ilitosha kummaliza.

Nilikuja Mtwara kusomea ualimu nchi ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru. Kwetu ni Mpapura, na mpaka siku hiyo kazi nilizozijua ni kuokota korosho na kuchimba muhogo. Ng'ambo ya barabara ya chuo, wazungu wa bandarini na wale waliobaki baada ya mradi wa karanga walikuwa na uwanja wa gofu wa mashimo tisa. Kila Jumamosi sisi wanafunzi tulikwenda kuwabebea fimbo. Wabeba fimbo waliitwa kedi, nasi tukajiita hivyohivyo, wengine kwa majivuno kabisa.

Siku yangu ya kwanza nilipewa mfuko wa mhandisi mmoja mrefu, mwenye shingo nyekundu, ambaye hakuniuliza jina. Kwenye shimo la tatu alipiga mpira ukaingia kichakani, akanionyesha kwa kidole, akaendelea na mchezo kwa mpira mwingine. Wenzangu walikuwa wameshaniambia kwamba kedi anayerudi bila mpira haitwi tena. Nilitafuta kwa macho, nikatafuta kwa mikono, mwisho nikavua viatu nikatafuta kwa nyayo, maana unyayo hugundua kitu cha mviringo kabla jicho halijakiona. Niliupata alasiri chini ya mzizi, wazungu wameshakwenda kuoga.

Aliyeupokea mpira ule ni Mzee Likwati, msimamizi wa uwanja. Alikuwa Mmakonde wa huku kwetu, mfupi, mkali, anayenuka mafuta ya mashine kutwa kucha. Mchanga wa Mtwara haukubali zile nyasi laini ambazo wazungu huzizungushia shimo, kwa hiyo pale kila shimo lilikuwa katikati ya duara la mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya injini kutoka bandarini, ukashindiliwa, ukalainishwa kwa ubao mpaka mpira uteleze juu yake. Mafuta yakizidi, mpira unanata. Yakipungua, upepo unaondoka na kazi yako yote. Likwati alijua kipimo kwa kunusa. Wakati watu wengine wananusa mchuzi, yeye alipiga magoti asubuhi na kunusa mchanga, kisha akatukana kwa Kimakonde au akanyamaza. Akinyamaza ujue umepatia.

Yeye ndiye mwalimu wangu wa gofu. Ndiye aliyenifundisha kusimama, kushika fimbo, na kutengeneza kichuguu kidogo cha mchanga mbichi cha kuwekea mpira kabla ya kupiga. Ndiye pia aliyenifundisha kutafuta mpira uliopotea. Aliniambia nisikimbilie kichakani kama kuku. Mpira ukishaondoka, simama palepale ulipopigia, chagua mti ulio nyuma ya pale ulipoangukia, halafu nenda ukiuangalia mti huo, moja kwa moja, bila kupinda kushoto wala kulia, hata kama kuna miiba. Anayepinda ameshapotea yeye na mpira. Niliyashika maneno hayo nikaja kuwafundisha wanafunzi wangu wote, na mnaosoma hapa mtaona yalivyotumika.

Baada ya kumaliza mafunzo nilipangiwa kufundisha bara, kisha kuelekea mwisho wa miaka ya sitini nikarudishwa chuoni hapa kuwa mkufunzi. Wazungu walikuwa wameondoka karibu wote. Uwanja ulikuwa umeota magugu, na Mzee Likwati alikuwa bado anakuja kila asubuhi kunusa mchanga ambao hakuna aliyeuchezea. Mhandisi yule aliyenipeleka kichakani alikuwa amekiachia chuo fimbo kumi na moja, moja imevunjika shingo, pamoja na kopo la biskuti lenye mipira thelathini. Mkuu wa chuo aliniita, akanionyesha vitu hivyo kama mtu anayeonyesha mbuzi wa urithi asiyejua amfanye nini, akasema nianzishe timu. Nikajibu ndiyo. Wakati ule sikujua kumwambia mkubwa hapana, na kusema kweli sijajifunza mpaka leo.

Nianze na hofu ya kwanza. Miaka ile nchi ilikuwa imeshatangaza kujitegemea, na tawi la chama pale chuoni lilikuwa na vijana wakali kwelikweli. Waliniita kwenye mkutano nijieleze kwa nini nawafundisha walimu wa kijamaa mchezo wa mabwana. Nilisimama mbele yao nikasoma karatasi niliyoiandika, wakazidi kuniuliza. Aliyeniokoa ni Mkuu, aliyesema kwamba kuanzia wiki ile timu ya gofu italima muhogo kandokando ya uwanja mzima na mavuno yataingia jikoni. Wakapiga makofi. Hivyo ndivyo tulivyopata uwanja wa gofu wa pekee nchini, nadhani, ambao mpira ukienda kombo unaingia kwenye muhogo, na mchezaji akikosea anakatazwa kwanza kukanyaga matuta.

Hofu ya pili ilikuwa kubwa kuliko hiyo na ilikuwa ya watu wote. Ng'ambo ya Mto Ruvuma kulikuwa na vita vya uhuru. Wakimbizi walikuwa wanavuka na watoto mgongoni, na mara mojamoja ndege ilipita juu, chaki ikasimama ubaoni mpaka mlio uishe. Tulichimba mahandaki nyuma ya mabweni. Vijijini kando ya mto watu walionywa wasiokote kitu wasichokijua na wasipite njia zilizofungwa, kwa sababu baadhi ya njia zilikuwa zimetegwa mabomu chini ya udongo. Yalitegwa na nani na lini, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Tuliowajua ni waliorudi bila mguu.

Katika hali hiyo ndipo nilipotunga sheria yangu. Mipira ilikuwa thelathini na hakuna duka lolote kusini lililouza mingine. Nikapiga hesabu ya wanafunzi wanaoipiga hovyo nikaona tutamaliza kopo kabla ya Ramadhani. Kwa hiyo nikasema: kila mchezaji atapewa mpira mmoja kwa mwaka, utachomwa herufi za jina lake kwa msumari wa moto, na atakayeupoteza ametoka kwenye timu. Hakuna kujieleza, hakuna rufaa. Wakacheka, wakadhani ni utani wa mkufunzi mpya.

Wa kwanza kuonja alikuwa Bakari, kijana aliyepiga mbali kuliko wote. Mpira wake uliruka ukatumbukia kwenye shimo la choo cha jikoni. Alikuja kuniambia huku anacheka, na mimi nikachukua fimbo mkononi mwake nikamwambia asije kesho. Alidhani nitalegea baada ya wiki. Sikulegea. Nilijisikia vibaya usiku ule na usiku uliofuata, lakini wa tatu nililala, maana nilikuwa nimeona tayari kilichotokea uwanjani: vijana walikuwa wameacha kupiga kwa nguvu, wanapiga kwa akili. Walikuwa wanaangalia mpira kama mtu anavyoangalia mtoto anayevuka barabara.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo ulipotoka ushindi. Mtu anayeogopa kupoteza mpira wake anaupeleka mahali anapouona. Mwaka wa kwanza tulikwenda kucheza na klabu ya mji wa jirani, watu wenye viatu vya njumu na mifuko ya ngozi, sisi tukiwa pekupeku na fimbo kumi za kuazimana. Tukawashinda. Wao walipiga mbali wakaenda kutafuta porini, sisi tulipiga karibu tukaenda kupiga tena. Mwaka uliofuata tukaalikwa kwenye mashindano ya Dar es Salaam, tukawa wa pili. Niliporudi, Mkuu alinipa mkono mbele ya gwaride. Nikaanza kujiona mtaalamu, na sheria yangu nikaiona kama dawa.

Saidi alikuja mwaka huo. Alikuwa mtoto wa mchukuzi wa bandarini, mwenyeji wa Magomeni ya hapahapa Mtwara, mwembamba, mkimya, ambaye hakuwahi kushika mchezo wowote. Alijiunga kwa sababu wanatimu walipewa uji wa ziada, na alilisema hilo waziwazi. Miezi mitatu baadaye hakuna aliyemfikia. Aliweza kuupeleka mpira ukasimama hatua mbili kutoka shimoni, akageuka bila kutabasamu. Alikuwa na kasoro moja ambayo nilimkemea muhula mzima: kabla ya kupiga alichimbia kidole gumba cha mguu wa kulia mchangani, akakizungusha mpaka kikatengeneza kishimo. Nilimwambia kinamharibia msimamo wa mwili. Aliacha mbele yangu, nikigeuka anachimba.

Mpira wake aliulalia. Sisemi kwa mfano, kijana alilala nao chini ya mto. Mwenzake wa bweni aliniambia kwamba Saidi huamka alfajiri na kitu cha kwanza anapapasa kitandani kuuona kama upo, ndipo anakwenda kutawadha. Nilicheka, nikaona nimepata mchezaji. Leo nikikumbuka kicheko hicho najisikia vibaya.

Wiki tatu kabla ya safari ya pili ya Dar, chuo kilitupeleka vijijini kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kundi langu lilipangiwa kijiji cha bondeni, karibu na Ruvuma inapokaribia kuingia baharini. Nikaingiwa na hofu kwamba vijana watakakamaa kwa kukaa bila mazoezi. Kwa hiyo nikaficha fimbo nne na mipira ya wachezaji wanne ndani ya gunia la unga, bila kumwambia Mkuu. Asubuhi tulifundisha, mchana tulikula ming'oko, mizizi ya porini, na dagaa, alasiri tulikwenda kwenye majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Sikuwahi kuona uwanja mzuri kama ule. Ardhi tambarare, mashina ya mpunga mafupi, na kila mpira unaonekana kutoka mbali.

Mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima wa makamo aliyekuwa na shamba upande huo, alikuja siku ya kwanza akatutembeza. Mwisho wa majaruba kulikuwa na njia ya zamani iliyoelekea kivukoni. Juu ya njia na kando yake, kwa urefu wa hatua kama mia, walikuwa wamelaza matawi ya miti. Akatueleza kwamba kwao tawi likilazwa njiani maana yake njia imekufa, asipite mtu wala mbuzi, kwa sababu huko kuna vitu vilivyofukiwa. Mwaka uliopita walikuwa wamempoteza mtu huko. Akasema matawi hubadilishwa kila yakikauka, na kazi hiyo anaifanya mwenyewe. Tuliitikia sote. Nami nikawaambia vijana wapige kuelekea upande mwingine, na siku tano za kwanza walifanya hivyo.

Siku ya sita upepo ulibadilika, jua likawa linawapiga machoni, wakageuka kupiga kuelekea upande wa matawi. Sikuwakataza. Nilikuwa upande wa pili wa majaruba nachimba shimo la kulengea, na nilijiambia kwamba vijana wangu hawapigi mbali. Saidi na Yusufu, mmoja wa wale wachezaji wanne, walikuwa wanapiga kutoka mahali pamoja, vichuguu viwili vya mchanga vimeachana hatua nne hivi. Nilisikia mlio wa fimbo. Baada ya muda Yusufu akaja kwangu akasema mpira wa Saidi umeteleza upande na Saidi amekwenda kuutafuta. Nikamwuliza upande gani. Akageuka kunionyesha, akashindwa kunyanyua mkono.

Saidi alikuwa ng'ambo ya matawi, ndani kabisa, hatua zaidi ya sitini. Alikuwa amesimama kwenye majani makavu, ameunyanyua mpira juu nione. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona anatabasamu.

Mwenyekiti alikuwa shambani kwake, ameshaona, anakuja mbio. Aliponifikia alinishika mkono kwa nguvu, akasema polepole, "Mwalimu, mwambie asimame. Usipige kelele. Mwambie tu asimame." Nikamwambia. Sijui nilitumia maneno gani. Saidi akashusha mkono, akaangalia chini ya miguu yake, akabaki hapohapo.

Mwenyekiti alisema njia ni moja tu, arudi alimopitia, unyayo juu ya unyayo. Lakini unyayo ulionekana karibu na matawi tu, kwenye mchanga. Kule katikati ardhi ilikuwa ngumu, yenye majani mafupi, na mguu haukuacha alama. Tukamwuliza Saidi kama anaziona nyayo zake. Akasema hazioni. Kisha akasema jambo ambalo lilinirudishia pumzi kidogo. Alisema alikwenda nilivyomfundisha, alichagua mkorosho mkavu ulio nyuma ya mpira na akaenda moja kwa moja, hakupinda.

Basi nikaelewa la kufanya, na kulielewa kukaniogopesha zaidi. Kama alikwenda moja kwa moja kutoka alipopigia, atarudi moja kwa moja akiwa na mtu wa kumlenga aliyesimama palepale alipopigia. Mtu huyo lazima niwe mimi. Nikakimbilia vichuguu. Vilikuwa viwili, vyote vimebomoka, na nyayo za vijana wawili zimevuruga mchanga pande zote. Nikisimama penye kichuguu kisicho chake, nitamvuta hatua nne nje ya njia aliyoijaribu kwa miguu yake. Nikamwuliza Yusufu ni kipi. Yusufu alikuwa analia, akaonyesha kimoja, akabadilisha, akaonyesha kingine.

Nikapiga magoti kama Mzee Likwati. Nilitafuta kwa vidole katika mchanga ule, nikiomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpangilio. Kando ya kichuguu cha kushoto hakukuwa na kitu. Kando ya kile cha kulia nilikuta kishimo kidogo cha mviringo, kirefu kiasi cha fundo moja la kidole, kilichochimbwa na kidole gumba cha mguu. Nilisimama juu yake. Ninyi mtanicheka, lakini nitasema ukweli kwa kuwa nimeshastaafu: nilikuwa nimejikojolea, na sikujua mpaka baadaye.

Saidi akaniuliza, kwa sauti ya kawaida ya darasani, "Mwalimu, ni hapo? Una hakika?"

Nikamwambia nina hakika. Sikuwa nayo. Nilikuwa na kishimo cha kidole basi.

Akaanza kuja. Nilimwelekeza aweke mkorosho mgongoni na mimi usoni, anyanyue mguu mmoja, aushushe, asimame, kisha mwingine. Mimi nilitakiwa nisitikisike, kwa sababu nikiyumba ningemyumbisha na yeye. Mwenyekiti alisimama nyuma yangu akanishika mabega yote mawili. Alikuwa anasoma dua chinichini na kila Saidi aliposhusha mguu alikatiza, akasubiri, akaendelea. Sikuhesabu hatua. Ninachokumbuka ni inzi aliyetua mdomoni mwangu nikamwacha. Katikati ya ile ardhi ngumu Saidi alisimama muda mrefu, akasema mguu hautaki. Nikamwambia aungoje. Akaungoja, ukakubali. Alipofika kwenye mchanga akaziona nyayo zake, akazikanyaga mojamoja, akavuka, akaja mpaka nilipo. Alinipa mpira. Nikaupokea.

Askari wa jeshi walikuja siku mbili baadaye wakafanya kazi yao. Walinionyesha kilichotolewa pale katikati, kwenye ardhi ngumu. Kilikuwa kimekaa pembeni ya mstari wa Saidi, umbali usiofika urefu wa fimbo moja ya gofu.

Sasa nifike mahali ambapo sijawahi kumsimulia mtu. Mkuu alitaka maelezo kwa maandishi: ilikuwaje mwanafunzi akavuka alama ya hatari, na fimbo za gofu zilitafuta nini kijijini. La pili nililijibu kwa unyenyekevu. La kwanza nililijibu kwa woga. Niliandika kwamba matawi yalikuwa makavu, yametawanywa na mbuzi, na kwamba mgeni asingeweza kuyatambua. Niliandika bila kumwuliza Saidi, na Saidi hakuulizwa. Karatasi yangu ilipanda ngazi zake, na Mwenyekiti akaitwa na wakubwa wake. Nilisikia kwamba alijitetea, kwamba matawi aliyakata asubuhi ileile, na kwamba walimwambia mwalimu hana sababu ya kusema uongo. Akapewa barua ya onyo. Mtu aliyenishika mabega. Nilijifariji kwamba pengine kweli yalikuwa makavu, kwani katika hofu ile nani alikuwa na macho ya kuangalia matawi? Ukijiambia jambo mara nyingi unaanza kuliona.

Tulikwenda Dar. Tukashinda, na ndicho kikombe kilichopo kabatini. Saidi alicheza vizuri kuliko wote, bila kuzungumza na mtu. Kwenye picha amesimama mwisho kulia, mmemwona bila kumjua.

Muhula ulipokwisha wanafunzi walipangiwa shule za kufundisha. Saidi alikuja ofisini kwangu asubuhi kurudisha fimbo na mpira, kama ilivyokuwa kawaida kwa kila anayemaliza. Aliviweka mezani, akabaki amesimama. Nikamwambia aketi, hakuketi. Aliniuliza, "Mwalimu, siku ile ningerudi bila mpira, ungenitoa kwenye timu?"

Nilitaka kusema hapana. Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini nilikuwa nimemdanganya Mkuu, nimewadanganya wakubwa wa Mwenyekiti, na nimejidanganya mwenyewe, na kijana huyu alikuwa ametembea kwenye ardhi ile kwa neno langu. Nikamwambia ndiyo, ningemtoa.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema alijua. Kisha akasema kwamba amesikia habari za barua ya Mwenyekiti, na kwamba haikuwa haki, kwa sababu matawi aliyaona. Yalikuwa mabichi, majani bado yanang'aa. Aliyaona vizuri, akasimama mbele yake kwa muda, akayaruka.

Nikamwuliza, kama aliyaona na alijua maana yake, kwa nini aliyaruka. Aliniangalia kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimemwuliza jina langu.

"Mabomu nilikuwa nimeyasikia tu, Mwalimu," alisema. "Wewe nilikuwa nakufahamu."

Kisha akaniaga kwa heshima zote, akabeba sanduku lake, akaenda kuanza kazi ya ualimu.